Pilau ya Jeilani

Ng'ombe wa Jeilani alichinjwa alfajiri ya Ijumaa, na kabla jua halijawa kali Ndau nzima ilikuwa imeshanukia bizari na samli. Waliokuwa wakimsengenya Jeilani tangu mzee wa mji, Bwanamkuu, azikwe ndio waliokuwa wa kwanza kufika uani kwake, na kanzu zao za Idi. Sitawalaumu sana, nyama ya ng'ombe katika kisiwa cha wavuvi si jambo la kila mwezi. Lakini na tuseme kweli: masinia yale yalikuwa na ndoana ndani, kila mmoja aliiona, na kila mmoja aliimeza pamoja na wali.

Bi Tima alifunga mlango wake. Jirani yake Rahima alipompelekea sahani ya karamu, aliirudisha bila kuifunua.

"Mwambie aliyepika, mimi nimeshiba," alisema. "Nimeshiba tangu mwaka ule wa vita."

Shibe hiyo kila mtu aliijua. Mwaka ule Serikali ilikuwa ikitaka wapagazi wa kubeba unga na risasi huko bara walikokuwa wakipigana na Wajerumani. Mashua ya askari ilifika Ndau, na mzee wa mji, marehemu Bwanamkuu, ambaye kwa uzee alikuwa akisikia nusu na kuona robo, alimwachia Jeilani kazi ya kuchagua vijana. Jeilani alikwenda mlangoni kwa Bi Tima akitabasamu. "Niazime Abdulqadir abebe mizigo ya askari mpaka mashuani," alisema. "Kabla ya magharibi yuko hapa, kwa ahadi yangu." Bi Tima alikuwa mjane, na mtoto mwingine hakuwa naye. Alimwita mwanawe, naye akatoka na kikoi chake kiunoni. Mama akamfunikia sahani yake ya chakula kwa kawa, kile kifuniko cha ukili cha kuzuia nzi, akakaa kumngoja.

Magharibi ikaja, ikaja na isha. Abdulqadir alikuwa ameshafungwa kamba pamoja na wenzake, wako njiani kwenda Mombasa. Habari iliyorudi baadaye ilikuwa kwamba aliharisha damu hata akafa, mahali ambapo aliyeleta habari hakujua hata panaitwaje. Na Jaafar, mwana wa Jeilani, rika moja na Abdulqadir, siku ile alikuwa wapi? Alikuwa Kiunga. Alikuwa amepelekwa jana yake kumtazama shangazi mgonjwa, na shangazi mwenyewe hakuwa na hata mafua.

Ile sahani ya Abdulqadir Bi Tima aliiosha, akaiweka kwenye kidaka cha ukutani, akaifunika kwa kawa ileile. Haikutiwa chakula tena. Kila alipoipangusa vumbi alimwomba Mungu jambo moja tu, na wala halikuwa jambo jema: asimfishe Jeilani kabla yeye hajamwonjesha uchungu uleule.

Sasa Bwanamkuu naye alikuwa amekufa, na Bwana Disii, mkuu wa wilaya, alikuwa ameleta salamu kutoka Amu kwamba safari hii watu wa Ndau wamchague mzee wa mji wenyewe. Ijumaa hii, baada ya sala ya alasiri, kila mwanamume akae nyuma ya yule amtakaye, na mwenye watu wengi ndiye. Waliojitokeza walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa Famau, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa babu yake. Wa pili alikuwa Husseini, mshona matanga, mtu mkavu ambaye ungedhani maneno anayakopa. Wa tatu alikuwa Jeilani, na ng'ombe wake.

Bi Tima hakuwa na mahali pa kukaa katika uchaguzi huo, kwa kuwa wanawake hawakuitwa. Lakini alikuwa na jambo ambalo Bwana Disii hakulijua na Jeilani alikuwa amelisahau: alikuwa somo. Karibu kila mke wa Ndau alikuwa amepita mikononi mwake alipokuwa mwari, akafundishwa jinsi ya kuishi na mume na jinsi ya kumjua kabla ya kumwamini. "Mume hapimwi kwa sanduku la harusi," alikuwa akiwaambia. "Muulize atafanya nini siku unga utakapokwisha. Kisha muulize atafanyaje. Wenye jibu la kwanza ni wengi. Mwenye la pili ndiye mume."

Wiki ile, kabla ya Ijumaa, wanawake walipokusanyika kisimani kuteka maji ambayo yalikuwa yamegeuka chumvi hata yakakataa kukoleza chai, aliwarudisha darasani.

"Waume wenu wanakwenda kuozwa mzee wa mji," aliwaambia, "na mahari ni pilau. Wale, si haramu. Lakini waambieni wakisha kula waulize. Mai haya yamekuwa munyu, utafanya nini, na utafanyaje? Serikali ikiya tena kutaka ziyana wetu wakabebe mizigo, utafanya nini, na utafanyaje? Asiyeyua kuyajibu hayo, babu yake na ng'ombe wake na wamfae nyumbani kwake."

"Na mume akikataa kuuliza?" Rahima alitaka kujua.

"Na alale barazani."

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Bi Tima hakucheka. Msidhani alikuwa akifanya hayo kwa kuupenda mji. Mji huohuo ulikuwa umenyamaza kimya mwanawe alipofungwa kamba. Yeye alimtaka Jeilani. Alimjua tangu utotoni kuwa ni mtu asiyekubali kuzidiwa: mwenzake akiahidi mbuzi, yeye ataahidi ng'ombe, awe naye asiwe naye. Mtu kama huyo humsukumi umwangushe. Unamwachia apande.

Hiyo Ijumaa, sahani iliporudishwa, Umulkheir mke wa Jeilani alikuja mwenyewe, jasho la jikoni bado li usoni.

"Nashika maguu, somo."

"Marahaba, mwanangu."

"Somo, sema neno moya tu na wari wako, wakawaambie waume wao. Jeilani asema akipata, mambo ya zamani atayatengeza."

"Atayatengeza," Bi Tima alirudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Basi kamwambie aye na Jaafar barazani, amketishe mbele. Watu wapenda kumwona mwana wa mtu."

Umulkheir akambusu mkono kwa furaha. Bi Tima alisikia uchungu kidogo moyoni, kwa kuwa mikono ile yeye ndiye aliyeipaka hina, na huyu binti hakuwa na kosa lolote. Akaumeza uchungu huo. Abdulqadir naye hakuwa na kosa.

Baraza ilikuwa mbele ya msikiti. Wanawake walikaa ndani ya nyumba ya Mwalimu Barka, aliyewasomesha watoto Kurani, mkabala na msikiti, nyuma ya dirisha lililotundikwa mkeka, na Umulkheir alikuja kukaa ubavuni mwa somo wake. Famau alianza. Alipoulizwa habari ya kisima alisema kilichimbwa na babu yake.

"Twayua," mvuvi mmoja alimjibu. "Sasa mai ni munyu. Utafanyaje?"

"Babu yangu," alianza tena Famau, na watu wakaangua kicheko.

Husseini alisimama akatazama miguu yake. "Upande wa kaskazini, nyuma ya tuta la mtanga, kuna mai matamu," alisema. "Nimefukua kwa mikono nikaonja. Kila nyumba itoe mtu mmoya tutimbe. Mawe ya kuzingira tutayatoa Manda, na mashua ni yangu."

"Na ziyana?"

"Serikali siwezi kuizuia. Nikisema naweza, ntakuwa mrongo. Lakini sitamtoa mtu kwa hila. Ntauita mji wote hapa, ipigwe kura mbele ya mato ya watu, na wanangu wawili wamo. Atakayeangukiwa ntafuatana naye hata Amu, niyue apelekwa wapi, nimrudishie mamake habari."

Akakaa. Hapana aliyeshangilia. Jibu kama hilo halimfurahishi mtu. Linamkumbusha tu kwamba jambo laweza kumfika. Na bado lilikuwa jibu zima, lenye nini na lenye vipi, na wanaume waliokuwa wamefundwa na wake zao walilitambua, wakaanza kutazamana. Jeilani aliyaona macho yale. Akasimama kabla hajaitwa.

"Kura!" alisema. "Mzee wa mji gani huyu wa kuwapigia kura wana wa watu? Mai mimi ntawaletea kwa mfereji wa chuma, kutoka Mombasa."

"Utafanyaje?" aliuliza mume wa Rahima, ambaye hakutaka kulala barazani.

"Nayuana na wakubwa. Na ziyana je, hamniulizi?" Alimshika bega Jaafar, aliyekuwa ameketi mbele yake na kofia mpya. Nyuma ya mkeka Bi Tima alijua kwamba amekwisha panda. "Serikali ikiya, wa kwanza kutoka hatakuwa wa nyumba zenu. Atakuwa wa nyumba yangu. Huyu hapa!"

Baraza ililipuka kwa makelele. Watu waliinuka kwenda kukaa nyuma ya Jeilani, hata jirani wa Husseini, hata mume wa Rahima. Wengine walikuwa wakijilamba vidole bado.

"Mwalimu Barka!"

Sauti ilitoka dirishani, na watu wote wakaligeukia.

"Mimi ni mamake Abdulqadir. Nna neno."

"Sema, Bi Tima," alijibu Mwalimu.

"Mimi nalipewa ahadi mlangoni kwangu, nami sikuitilia shahidi. Yeo mashahidi wako. Nataka kila mmoya katika hawa watatu aweke mkono juu ya Msahafu, ayarudie maneno yake, na mji utie nia ya halbadiri. Siku atakayoyavunja, sote tumsomee."

Hapana mtu wa visiwani asiyeijua halbadiri. Husomewa mwizi na dhalimu kwa majina ya watu wa Badri, na aliyesomewa hakawii: huvimba tumbo, au hupofuka, au nyumba yake humwisha mmoja mmoja. Kuku wa wizi wamewahi kurudishwa kwa wenyewe, mwizi aliposikia tu kwamba ubani umenunuliwa.

Mwalimu Barka alikuna ndevu. "Halbadiri haisomwi kwa lisilotendeka, Bi."

"Sikusema isomwe. Nimesema itiwe nia. Anayekusudia kutimiza, imdhuru nini?"

Mwalimu alilitazama lile dirisha. Abdulqadir alikuwa amesoma chuoni kwake, akahitimu juzuu zote. "Leteni ubani," alisema.

Famau alikumbuka kwamba mbuzi wake hawajafungwa, akaondoka. Husseini aliweka mkono juu ya Msahafu, akayarudia maneno yake yote pasi na kuongeza wala kupunguza. Ikabaki zamu ya Jeilani.

"Baina yetu Waislamu," alianza akicheka, "neno la mtu—"

"Weka mkono," Mwalimu alimkata.

Aliuweka. Moshi wa ubani ulimpanda usoni. "Mimi Jeilani," alisema. "Serikali ikiya, wa kwanza..." Akamtazama Jaafar. Kijana alikuwa amegeuka, naye anamtazama babake, na usoni mwake mlikuwa na swali moja tu. "Wa kwanza..."

"Usiape!" Umulkheir alipiga ukelele ndani ya nyumba, amelishika dirisha kwa mikono miwili. "Jeilani, usiape! Utaniulia mwanangu!"

Mkono wa Jeilani ulianguka ubavuni.

"Siwezi," alisema, na hata waliokuwa karibu naye walimsikia kwa shida. "Ni mwana wangu mmoya."

Kwa miaka Bi Tima alikuwa ameyaweka maneno ya siku hiyo, mengine machafu ambayo mwanamke wa umri wake hasemi. Yote yalimkimbia. Alisogeza mdomo karibu na mkeka.

"Na wangu alikuwa mmoya, Jeilani. Mimi hukunipa hata nafasi ya kusema siwezi."

Watu waliinuka nyuma ya Jeilani. Waliinuka kwa aibu, bila kumwangalia, pilau yake ingali matumboni mwao, wakavuka baraza wakakaa nyuma ya Husseini. Hapana aliyemtukana, na nadhani angependa zaidi kutukanwa. Mwisho alibaki na mwanawe. Kisha Jaafar naye akasimama. Hakwenda kwa Husseini. Alivua ile kofia mpya, akaiweka chini, akashika njia ya pwani peke yake. Babake alimwita. Hakugeuka.

Umulkheir alikuwa akilia ubavuni mwa Bi Tima. Zamani Bi Tima angemkumbatia. Mkono wake haukuinuka, naye hakuulazimisha. Alijifunika buibui lake, akatoka kwa mlango wa uani.

Nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kidaka. Aliiondoa kawa, akaipangusa sahani kwa upindo wa leso, akaketi nayo jamvini. Rahima alikuwa amemfuata, akidhani amepatwa na udhia.

"Rahima, ile pilau ya kina Jeilani imesalia?"

"Imesalia ya tini ya sufuria, Bi. Lakini imeshapoa, na samli imeganda."

"Ilete."

Rahima aliileta. Bi Tima akaipakua yote kwenye sahani ya Abdulqadir, akasema bismillahi, akala. Alikula kwa mkono, tonge baada ya tonge, bila haraka, kama mtu anayefungua saumu ndefu. Machozi yalimtoka akayaacha yaanguke humohumo kwenye wali, wala hayakumpunguzia hamu. Nje watu walikuwa wakimshangilia Husseini, na mtu mmoja alikuwa ameanza kupiga ngoma.

Rahima alimuuliza kama ana haja ya maji.

"Nna haja ya ukoko," alisema Bi Tima. "Rudi ukaukwangue."