Hakuimba

Kazi yangu katika kamati ya shule ni kuandika yanayosemwa, si kuyasema, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu hiyo ni adhabu tosha. Nimekuwa karani miaka kumi na saba. Mstari wa kwanza wa muhtasari nauandika kabla watu hawajakaa: "Kikao kilifunguliwa kwa dua." Akiomba wa dini ya pili, nakata "dua" naweka "sala". Siku moja niliandika "swala", mwenyekiti akauliza huyo mnyama ameingilia mlango gani, na utani huo hawajauacha mpaka leo.

Mwenyekiti ana duka la misumari na saruji. Kila anachoamua anakimalizia kwa kusema "nukta", kwa hiyo tunamwita Nukta, hata mbele yake.

Alhamisi ile ajenda ilikuwa moja tu: shemeji yangu. Ni mdogo wake marehemu mume wangu, na hapo shuleni yeye ndiye mlinzi, mpiga kengele na mpandisha bendera. Anaishi katika chumba kilicho nyuma ya stoo. Chumba ni cha shule, kwa hiyo akiachishwa kazi, usiku huohuo hana pa kulala.

Kosa lake liligunduliwa na Mwalimu Mkuu, mwanamke kijana aliyehamia kwetu muhula huu. Siku ya wazazi alisimama upande wa pili wa mlingoti, ambako kwa kawaida hakai mtu. Akaona kwamba shule nzima inaimba wimbo wa taifa, lakini anayevuta kamba amefunga mdomo. Baadaye akamwuliza. Shemeji akajibu bila kuzunguka: imani yake inamruhusu kumwimbia Mungu peke yake. Miaka kumi na tisa amepandisha bendera ile akiwa ametupa mgongo, na hakuna aliyejua.

Mimi nilijua. Mume wangu alikuwa askari na alifia kazini. Siku ya kumzika, wimbo ulipigwa mbele ya jeneza na watu wote wakaimba, hata mama mkwe wangu ambaye hakuwa amebakiza jino. Shemeji, ndugu wa marehemu wa tumbo moja, alisimama ubavuni kwangu, kimya. Niliuona ule mdomo uliofungwa, na miaka kumi na moja sikumsamehe. Tukikutana nilimpa salamu ya njiani tu, ya kuondoa lawama. Kwa hiyo nilipoisoma ajenda, nasema kweli, nilifurahi.

Tulikaa katika chumba cha walimu, mimi mwisho wa meza karibu na dirisha, shemeji kwenye kiti cha mwanafunzi karibu na mlango, magoti yakimfika kifuani.

"Kanuni iko wazi," alianza Nukta. "Mtumishi akikataa wajibu wake, anaachishwa kazi. Na mtu anayekula mshahara wa nchi halafu hataki kuiimbia nchi, huyo si mzalendo. Nukta."

Fundi bomba, mwakilishi wa wazazi, alikuna kichwa. "Mwenyekiti, mwaka jana ziling'olewa koki sita kwenye vyoo vya watoto. Aliyezing'oa nina hakika wimbo wa taifa anaujua wote, na sauti pia anayo."

"Usituchekeshe."

"Sichekeshi. Nauliza tu uzalendo tunaupima wapi. Na hivi sasa tumefunga macho hapa tukaomba kwa dini zetu, tumeyafungua, tunataka kumfukuza mtu kwa ajili ya dini yake."

"Dini ni ya nyumbani," Nukta alisema. "Bendera ni yetu sote. Babangu alichapwa viboko kwa kuuimba wimbo ule kabla haujaruhusiwa, enzi za mkoloni. Leo mtu auone si kitu?"

Hapo nilimwelewa. Hata mimi wimbo ule ukipigwa mwili unanisisimka. Mwalimu Mkuu alikuwa anageuza kalamu vidoleni. "Shida yangu ni watoto," alisema. "Wakijua haimbi, wataniuliza. Nitawajibu nini?"

Wakamgeukia mwenyewe. Unaipenda nchi yako? Shemeji alifikiri muda mrefu mpaka nikaanza kukereka. "Sijui inapimwaje," akasema. "Ninapoishi ni hapa." Halafu akatazama dirisha, juu ya bega langu, na uso wake ukabadilika. Matone makubwa yalikuwa yameanza kugonga mabati.

Alisimama, akatoka. Hakuomba ruhusa wala hakusema samahani.

"Mnaona?" Nukta akapiga meza. "Mnaona dharau hiyo? Karani, andika! Amekataa kuimba wimbo wa taifa, na amekitoroka kikao. Nukta."

Kalamu nilishaishika, lakini macho yalikuwa nje. Shemeji alikuwa mbio kuelekea mlingoti, shati limemganda mgongoni. Mvua ya kumlowesha mtu namna ile, na bado kamba aliilegeza taratibu, shibiri kwa shibiri, bendera isiguse tope. Alipoipokea aliikunja mara mbili, akafungua vifungo vya shati, akaitia ndani, akaikumbatia kwa mikono miwili.

Nikaikumbuka siku ya mazishi, ile sehemu ambayo nilikuwa nimeiacha nje. Wimbo ulipokwisha, askari walinikabidhi bendera ya mume wangu ikiwa imekunjwa, na mikono yangu haikuweza kuishika. Bendera ikaniponyoka. Manyunyu yalikuwa yameanza. Kuna mtu aliichukua kabla haijaanguka kwenye udongo mwekundu, akaiweka ndani ya koti lake, akanirudishia nyumbani jioni, kavu. Miaka kumi na moja nilishika habari ya mdomo wake, na habari ya mikono yake nikaisahau. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Karani! Umeandika?"

Nilikuwa nimeandika "ame", basi. Nilijua neno linalofuata, na nilijua likisainiwa kanuni itafanya kazi yenyewe, kura haitahitajika. Karani haruhusiwi kuchangia hoja. Anaruhusiwa kitu kimoja tu: kuuliza, ili aandike sawasawa.

"Naomba ufafanuzi, Mwenyekiti," nikasema. "Ili mtu akatae, lazima awe ameagizwa. Niandike aliagizwa na nani, lini?"

Nukta alinitazama. "Wimbo wa taifa hauhitaji agizo."

"Sawa. Sasa alimkatalia nani?"

Fundi bomba aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Mwalimu Mkuu akaweka kalamu chini. "Mimi sikumwagiza," alisema. "Nilimwuliza tu, naye akanijibu."

"Basi mwagize!" Nukta akasema. "Huyo anarudi. Mwagize mbele yetu aimbe, tumalize mambo."

Shemeji aliingia anachuruzika maji, ameshikilia kifua. Mimi niliogopa, maana kama angeagizwa nilijua jibu lake: asingedanganya hata kwa ajili ya chumba.

Mwalimu Mkuu alimtazama usoni, akatazama lile shati. "Imelowa?"

"Pembe moja, Mwalimu. Nyingine zote kavu."

"Nenda kaianike darasa la saba, kuna kamba. Halafu ubadilishe nguo usije ukaugua." Akamgeukia Nukta. "Agizo langu ni hilo. Na watoto wakiniuliza, nitawaambia wamtazame mikono."

Nukta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Sijui alimkumbuka baba yake au vipi.

"Andika hakuimba," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Akasahau kusema nukta, nikaiweka mwenyewe.

Kesho yake, baada ya kengele ya kutoka, nilikwenda kwenye chumba cha nyuma ya stoo nikiwa na mfuko. Shemeji alinikaribisha kiti chake cha pekee, akakaa kitandani. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuanzia, yote yakanipotea. Nikamtolea tu ile bendera.

"Ya kaka yako," nikasema. "Naona nondo wameanza kuila hapa pembeni."

Aliipapasa. "Kumbe bado unayo. Nilivyoona umenitupa mimi, nikajua na hii umeitupa."

"Nisamehe, shemeji."

"Nilikuwa na huzuni siku ile," akasema. "Ulidhani sikuwa nayo."

Machozi yalinitoka, na sikuyazuia. Alitafuta uzi wa rangi inayofanana, akalishona tundu kwa mishono midogo, kisha akasimama akanipa pembe mbili nishike, kwa sababu kuikunja vizuri kunataka watu wawili. Tukaivuta ikanyooka. Nikaanza kuimba ule wimbo kwa sauti yangu mbovu, ubeti wa kwanza wote. Yeye hakuimba. Alingoja nimalize, ndipo akaleta pembe zake kwangu.