Gari Lililosikilizwa

Siku ile mjinga alikuwa Sikio. Heri lisemwe mapema, tena kwa sauti, maana mwenyewe halikatai. Ukimuuliza leo atakuambia kwamba wajinga wengine walikuwepo pale uwanjani, ila walikuwa wasaidizi wake tu.

Jina hilo hakupewa na mama yake, alipewa na magari. Alikuwa fundi wa injini mwenye bisibisi ndefu ya mpini wa mbao. Ncha aliiegemeza kwenye injini inayonguruma, mpini akaubana sikioni, macho akayafumba kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani kupitia ukutani. Kisha alikuwa akisema, "Silinda ya tatu inakohoa," na kweli, ukiifungua ya tatu unakikuta kikohozi. Miaka thelathini alikula mkate wake hivyo. Vidole viwili alishaviacha kwenye feni, meno mawili kwenye jeki iliyoteleza, na kila pigo alilitolea mzaha. "Vidole vinane vinatosha," alisema, "marafiki wa kweli hawafiki hata vitano."

Shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, alikuwa mshonaji. Kazi yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, mashine ya kukanyaga karibu na dirisha, na mafurushi ya sare za shule ambayo kwa miaka ishirini aliyapeleka kwa baiskeli. Mtu mpole, asiyekata kitambaa kabla ya kupima mara mbili. Lakini kila mtu ana wazimu wake, na wa mshonaji ulikuwa gari moja la zamani, la milango miwili, la rangi nyekundu iliyoiva, ambalo aliliona akiwa kijana na hakulisahau. Sasa lilikuwa limepatikana moja la kuuzwa. Ila lilikuwa limebadilishwa: injini ya gari kubwa, giaboksi mpya, matairi mapana kama mikate.

"Shemeji, nifundishe kununua," alisema, akafungua daftari lake la vipimo, lile lenye mapaja na viuno vya mtaa mzima.

Sikio akacheka mpaka spana ikamtoka mkononi. "Unaliandika gari pamoja na makalio ya watu? Haya, andika. Gari la zamani lisiloguswa ni mzee. Lililobadilishwa ni mzee aliyepaka nywele rangi. Wewe usimtazame nywele, mtazame magoti."

"Magoti," mshonaji akaandika.

"Usiandike magoti, shemeji! Andika hivi: fika gari likiwa baridi. Ukilikuta limeshapashwa moto, geuka urudi, mwenyewe anakuficha linavyoamka. Halafu uliza limebadilishwa nini na nani. Fundi asiyejulikana alipo ni fundi asiye na aibu."

"Na hii injini kubwa?"

"Moyo wa ng'ombe kwenye kifua cha mbuzi. Mbuzi atakimbia, sikatai. Swali ni je, atasimama? Likiongezewa mbio, uliza limeongezewa nini cha kulisimamisha. Na hayo matairi mapana, kata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uchungulie yanagusa nini."

"Basi?"

"Bado. La mwisho ndilo lenyewe. Lala chini. Juu ni harusi, shemeji. Ndoa iko chini."

Mshonaji akaandika lile nalo, akalipigia mstari.

Walikwenda Jumamosi asubuhi. Na hapa ndipo ujinga ulipovaa nguo, tena nguo nzuri: Sikio alikuwa amealikwa harusini saa nane mchana, na kwa uvivu wa kurudi nyumbani kubadilisha, alitoka kabisa na suruali nyeupe. Suruali hiyo alishonewa na shemeji yake huyo huyo, mikunjo yake imenyooka kama rula.

Yule muuzaji, watu walimwita Mpole, kwa sababu hajawahi kupaza sauti hata akikanyagwa. Aliwapokea getini kwa mikono miwili. "Haa, Sikio mwenyewe! Leo gari langu limepata daktari. Njooni jamani, njooni mwone mtu anavyosikiliza chuma!" Waosha magari wakasogea, na mafundi wa matairi, na wapita njia wawili waliokuwa hawana haraka. Sikio akavishwa kilemba cha ukoka, naye akakiona kimemkaa vizuri.

Boneti ilikuwa ya moto. Aliigusa, akaihisi, akaendelea kutabasamu. Gari likawashwa. Akatoa bisibisi, akafumba macho, na ile injini ikamwimbia. Ndiyo, iliimba. Mpaka leo anasema hajasikia injini iliyopangwa vizuri vile. Kila valvu ilifika kwa wakati wake, hakuna iliyochelewa wala iliyowahi. Mtu aliyezoea vikohozi maisha yake yote akikutana na pumzi safi hulewa.

Nyuma yake mshonaji alikuwa na daftari. "Shemeji," alinong'ona, "uliniambia tukate usukani. Na kule chini."

Sikio akatazama ardhi. Ilikuwa na mafuta machafu na matope ya waosha magari. Akatazama suruali yake. Akatazama watu wanaomtazama.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "wewe pima suruali. Magari niachie mimi."

Uwanja mzima ukacheka. Mshonaji naye akacheka, kwa heshima, akafunga daftari, akalipa.

Wiki ya tano tangu alinunue, Jumanne saa nne asubuhi, mshonaji alikuwa anateremka mteremko wa kiwanda cha unga, kiti cha nyuma kimejaa sare za shule. Akakanyaga breki, na pedali ikazama mpaka sakafuni kama mguu uliokanyaga ngazi isiyokuwepo. Akavuta breki ya mkono, ikaja yote, nyepesi, haikushika kitu. Chini ya mteremko palikuwa na bomba, na foleni ya watu wenye ndoo. Kulia palikuwa na ukuta wa ghala. Alichagua ukuta.

Mguu wa kulia ulikatwa juu ya goti siku iliyofuata.

Hospitalini kila mtu alikuwa na maelezo, na yote yalielekea upande mmoja. Askari aliandika: dereva mgeni. Ndugu wa mshonaji wakasema mtu wa baiskeli alitafuta nini kwenye gari la mashindano. Mke wake, kwa uchungu, akasema kitu ambacho baadaye alitamani kukimeza: "Miaka ishirini unakanyaga mashine, siku moja tu ya kukanyaga breki ukakanyaga klachi!" Na mshonaji, akiwa na homa na dawa za maumivu, alianza kuamini. Alimwambia Sikio, akitazama dari, "Nadhani kweli nilikosea pedali, shemeji. Nikifumba macho nauona mguu, ila sioni uko kwenye pedali ipi."

Sikio alimshika mkono.  Utani wote ulimkauka.

Siku ya nne tangu ajali alikwenda kwenye uwanja wa magari mabovu, ambako gari lilivutwa. Amdanganye nani, hakwenda kutafuta ukweli. Alikwenda kuhakikisha sikio lake halikumwangusha. Na kweli, injini ilikuwa nzima, haikuwa na hatia yoyote. Basi akalala chini, chali, kwenye udongo, na ovaroli yake chakavu, kama alivyopaswa kulala wiki tano nyuma.

Hakukaa hata dakika moja kabla ya kuona. Gurudumu la mbele la kulia, kwa upana wake, lilikuwa likigusa mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta, kila usukani ulipokatwa mpaka mwisho. Likaulamba kila kona, kila kugeuza, mpaka nyuzi za ndani zikachomoza, mpaka ukapasuka. Ubavuni mwa tairi palikuwa na duara linalong'aa, limesuguliwa, la kuonekana na mtoto. Na magari ya umri ule yana njia moja tu ya mafuta ya breki; ikitoboka mahali pamoja, magurudumu yote manne yanabaki yatima. Akasogea nyuma akaikuta na kebo ya breki ya mkono. Aliyefunga giaboksi mpya aliikata, akaikunja, akaifunga pembeni na kipande cha waya wa kujengea. Ule mkono pale ndani ulikuwa pambo.

Alilala pale mpaka mlinzi akaja kumpiga teke la kiatu. "Mzee, umekufa?"

"Bado," Sikio akajibu, "nasubiri zamu."

Sikio la kufa halisikii dawa, waliosema walijua. Lakini hili lilikuwa baya zaidi, maana dawa alikuwa ameichanganya mwenyewe, akamwandikisha mgonjwa, kisha akamcheka alipotaka kuinywa. Na sasa palikuwa na watu wawili tu duniani walioweza kujua kwamba mshonaji alikanyaga pedali sahihi: yeye, na yule fundi asiyejulikana alipo, aliyelibadilisha gari. Angenyamaza, jina lake lingebaki zima. Magari yangeendelea kuletwa. Alinyamaza siku tisa. Siku hizo tisa anazihesabu mpaka leo zaidi ya vidole vilivyopotea.

Siku ya kumi tangu alale chini ya gari, mshonaji aliruhusiwa kurudi nyumbani. Sikio alimkuta chumba cha mbele, kwenye kiti karibu na mashine, shuka limefunika mapaja. Upande mmoja shuka lilishuka mpaka chini, upande wa pili lilikatika ghafla. Mdogo wake Sikio alikuwa anafungua vifurushi vya sare zilizotolewa kwenye gari, anatenga zenye damu. Na kwenye benchi alikuwepo Mpole, amekuja kutoa pole na mfuko wa machungwa.

"Ni mapenzi ya Mungu," Mpole alikuwa anasema. "Gari lilikuwa zima. Ila usukani unataka mazoea, ndugu yangu."

"Ni kweli," mshonaji akasema. "Nilikanyaga klachi."

Sikio hakukaa. "Hukukanyaga klachi."

Wote wakamtazama.

"Ulikanyaga penyewe, shemeji. Breki haikuwepo. Mpira ulikatwa na tairi, na breki ya mkono haikuwa imeungwa popote. Nimelala chini nikaona. Angekuwa dereva wa miaka arobaini, angefika palepale ulipofika."

Mshonaji aliligusa shuka pale lilipokatika. Kisha akauliza taratibu, kama anayeuliza kipimo asikosee, "Kwa hiyo mguu ulikuwa kwenye breki."

"Ulikuwa kwenye breki."

Akageuza uso dirishani. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mke wake akaiacha ile sare aliyoishika ikaanguka.

"Uliona lini?" mdogo wake Sikio akauliza.

"Siku ya nne."

"Siku ya nne. Na leo ni ya ngapi, kaka? Siku zote hizo namtukana mume wangu kitandani, na wewe umekaa pembeni unanisikiliza tu?"

 Mtu asiye na jibu hutafuta wa kumgawia swali, naye Sikio akamgeukia Mpole. "Wewe uliyeuza ulijua! Ulilipasha moto kabla hatujafika. Ulijua ndani kumeoza."

"Ningejuaje?" Mpole akasema, sauti ileile laini. "Mimi nauza. Fundi alikuwa wewe. Umati mzima ulikuona umefumba macho. Nilikuzuia kulala chini?"

"Hukunizuia, lakini hukusema!"

"Wewe uliuliza?"

"Sawa, langu nalikubali," Sikio akasema, jasho likimtoka. "Sikulala chini. Sehemu hiyo ni yangu, sikatai. Lakini na yako ipo, usiikimbie. Na yule aliyefunga matairi bila kupima, yake ipo. Hata... sisemi vibaya... hata shemeji pale mteremkoni, mtu akishusha gia mapema injini yenyewe inalishika gari. Sikumfundisha, ndiyo, lakini ni kitu ambacho..."

"Kwa hiyo na yeye ana kipande," Mpole akadakia haraka, kama aliyetupiwa kamba. "Hapo umesema haki. Kila mtu alikosea kidogo. Tukichukua kila mmoja chake, hakuna wa kubebeshwa lote."

"Kidogo kidogo, ndiyo," Sikio akasema, na palepale akaisikia sauti yake mwenyewe, ikikohoa.

Mdogo wake alikuwa ameshasimama. Aliokota ile sare sakafuni, akaikung'uta, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya mashine. Hakupaza sauti.

"Haya. Kosa mmeshagawana, kila mmoja kaondoka na kipande chake. Sasa gawaneni na mguu."