Spika Iliyolala Nje

Boksi lilikutwa mlangoni asubuhi, theluji imelala juu yake. Mleta mizigo alikuwa ameliacha hapo tangu jana. Kalume alilikumbatia mpaka chumba cha mikutano, chini ya jengo lao mjini Crystal, Marekani, na baridi yake ikapenya koti lake. Ndani mlikuwa na spika waliyoichangia wapangaji wote. Mkutano uliopita, wakala wa mwenye jengo alidai kelele zilikuwa nyingi, hakusikia lolote kuhusu mitambo ya joto kuzimika. Alikubali kurudi mara moja tu: leo, mchana.

Mama Merveille, jirani yao kutoka Kongo, alilifunika boksi kwa blanketi zito, kama mgeni aliyeshuka sasa hivi uwanja wa ndege.

“Mama, hivyo halitapata joto!” Peris, muuguzi Mkenya wa ghorofa ya pili, alicheka. “Hili halina damu. Blanketi linafungia baridi ndani.” Akaliondoa, akafungua boksi. “Na nailoni iliyofunika spika msiitoe. Unyevu ubaki juu yake, usiingie kwenye nyaya. Kanisani kwetu tuliwasha kinanda kikiwa bado cha baridi. Kililia mara moja, kikanyamaza mpaka leo.”

“Kwa hiyo?” aliuliza Kalume.

“Tungoje, mzee. Na kwa baridi ya chumba hiki, tutangoja sana.”

Neno hilo, ngoja, Kalume alikuwa analijua. Aliambiwa kwenye foleni ya maji katika kambi ya wakimbizi, akaambiwa kiwandani katika mji wa Golden Valley, na sauti za waliomwambia alikuwa nazo zote kichwani. Alijifundisha sheria za upangaji peke yake ili asiambiwe tena. Wanaongojeshwa ni wale wale sikuzote. Wanaongojesha huwa wameketi penye joto.

Akashika plagi ya spika.

“Washa basi, papa,” alisema Mama Merveille. “Ikifa, utatumia mdomo wako. Huo haujapoa hata siku moja.”

Watu wakacheka. Kalume hakucheka. Ikifa, yule wakala atasema tena kwamba hakusikia. Akaiweka plagi chini.

Mchana wakala aliingia, akavua koti, akalitundika kitini. “Tuanze haraka. Nina mkutano mwingine mjini Champlin.”

“Keti,” Kalume alimjibu kwa Kiingereza chake cha kujifundisha. “Mashine haijawa tayari. Safari hii tunataka usikie.”

Wakala akaketi. Kalume aligusa nailoni: matone matupu. Akavuta kiti, akakaa mbele ya mgeni, mikono magotini, kama asiye na pa kwenda.

“Dakika ngapi?” aliuliza wakala.

“Hata sisi hatujui, bwana,” alisema Peris kwa upole.

Baada ya muda wakala alilichukua koti lake, akalivaa, akafunga vifungo vyote. Alipuliza viganja. Kisha akainuka, akauendea mtambo wa joto uliokuwa ukutani, akaweka mkono juu ya chuma chake kilichopoa, akauacha hapo.