Tundu la Kifuniko

Jumamosi ile Ashatu binti Msabaha aliamka na ubishi wake kichwani. Pikipiki ilikuwa imelala ukumbini kama kawaida, imeegemea ukuta, inanukisha petroli nyumba nzima. Mwaka wenyewe ulikuwa wa themanini na tatu, petroli ilikuwa ya kibali, na mtu aliyeacha pikipiki nje usiku pale Mlingotini alikuwa amewakaribisha wezi kwa mikono miwili. Basi ilikuwa inalala ndani pamoja na watu, na hakuna aliyenung'unika isipokuwa paka.

Ashatu alikuwa bibi shamba. Serikali ilimpa pikipiki ile azungukie wakulima wa minazi na mihogo kutoka Mlingotini mpaka Makurunge. Ilikuwa kuukuu, imeshapita mikononi mwa mabwana shamba wengi kabla yake, lakini ilikuwa inakwenda. Halafu ikaanza kisirani. Ilikwenda vizuri mwendo wa kutosha kumfanya mtu aamini kuwa imepona, ndipo ikakohoa na kuzima. Ukiipumzisha, inawaka. Ukiipanda, inakwenda kukuzimikia mbele. Watu wakasema ina shetani. Wengine, wenye ndimi ndefu zaidi, wakasema shetani ni kumpa mwanamke pikipiki.

Maneno yana miguu, yakafika Chalinze kwa mkubwa wake wa kazi, Bwana Wilbrodi. Naye akatoa amri: Jumamosi pikipiki zote ziletwe kukaguliwa, na kila moja ije ikitembea yenyewe. Itakayofika juu ya lori itapewa mtu mwingine. Mtu mwingine mwenyewe alikuwa tayari, Oswaldi, bwana shamba wa Chalinze, ambaye bado alikuwa akinyonga baiskeli na alikwisha anza kuulizia kofia ya pikipiki. Ashatu angewekwa stoo kuhesabu majembe. Alipoambiwa hivyo alisema neno moja tu, "Sikai," akaenda zake.

Asubuhi hiyo alimkuta baba yake mlangoni, kanzu imekunjwa mpaka magotini, kilemba kimefungwa cha safari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Haya, twende."

"Twende wapi?"

"Si Chalinze? Ikikuzimikia porini utasukuma na nani? Tutasukuma wawili."

Mzee Msabaha alikuwa fundi wa kalafati, kazi ya kuziba mianya ya mbao za vyombo vya baharini kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake haitoki hata uoge ukasugue. Zamani chombo alichokiziba yeye hakikuhitaji kata ya kukumbia maji. Lakini macho yalipoanza kuingia ukungu, watu wakaanza kupeleka vyombo vyao kwingine. Walikuwa wakimpitia barazani, wanampa salamu ndefu, halafu wanakwenda kumpa kazi mwingine. Hakulalamika, ila alizoea kupapasapapasa vitu vya nyumbani, mitungi, ndoo, milango, akitafuta penye ufa.

Wakaondoka. Mzee alimshika binti yake kiunoni na kusoma dua yote aliyoijua. Pikipiki ikanguruma kwa adabu, ikapita mji wa Bagamoyo, ikashika njia ya Makurunge, na Ashatu akaanza kuhesabia kichwani kuwa mchana watakuwa Chalinze. Ndipo ikakohoa. Ikakohoa tena, ikazima katikati ya vumbi, mashamba huku na huku na wala hakuna mtu.

"Tusukume?" akauliza mzee.

"Hatusukumi. Leo nataka kujua."

Akatandika khanga chini, akapanga spana zake. Kwanza akafungua plagi. Ilikuwa kavu. Ingekuwa imelowa angesema petroli inafika ila moto haupo; lakini kavu namna ile maana yake petroli haifiki. Akafungua bakuli la kabureta na kulikuta halina kitu. Boya lilikuwa linapanda na kushuka vizuri. Akatoa jeti, ile njia nyembamba petroli inamopitia, akaielekeza juani, na jua likaonekana safi upande wa pili.

Hapo ndipo palipomuudhi. Kazi hii alishaifanya na Fundi Muhidini wa Bagamoyo mpaka skrubu zikachoka. Kila mara walikuwa wakisafisha kabureta, wanafungua tangi kuangalia kama petroli ipo, wanafunga, wanapiga kiki, inawaka. Muhidini anajisifu. Kesho yake Ashatu anasukuma tena.

Akarudisha kila kitu mahali pake, akapiga kiki. Kimya. Akapiga mpaka mguu ukamuuma. Akachomoa mpira unaoleta petroli kutoka kwenye tangi, akakinga kopo chini yake. Koki ilikuwa wazi, lakini yalitoka matone machache tu, kama mtoto aliyelazimishwa kulia, yakakoma.

"Labda imekwisha," mzee akasema.

"Nimeijaza jana, baba. Tazama mwenyewe."

Akafungua kifuniko cha tangi ili amwonyeshe. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mzamia lulu aliyeibuka, na palepale petroli ikamiminika kutoka kwenye mpira ikamlowesha miguu. Ashatu akauziba kwa kidole haraka. Akasimama hivyo, kidole mpirani.

Kisha akakifunga kifuniko na kuuachia mpira juu ya kopo. Petroli ikatiririka, ikapungua, ikawa matone, ikakoma. Akafungua kifuniko, ikamiminika. Akafunga, ikakoma. Kumbe kabureta walikuwa wakiisingizia siku zote! Kilichokuwa kikiiponya pikipiki kwa Muhidini ni kule kufungua tangi tu.

Akakigeuza kifuniko. Kila kifuniko cha tangi kina kitundu cha kuingizia hewa. Kwenye hiki hapakuwa na kitundu. Palikuwa na kitu cheupe, kimeshindiliwa barabara, kimelainishwa hata ukucha hauwezi kukishika. Kazi ile aliijua tangu utotoni.

"Baba, hili tundu umeliziba wewe?"

Uso wa mzee ukachanua. "Umeliona? Pamba na sabuni hiyo. Sifa ingeyeyuka kwenye petroli, ndiyo maana nikatia sabuni. Kila siku unalia petroli inakwisha, nyumba inanuka, nikajua chombo kinavuja. Nikakipapasa mpaka nikalipata. Usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Umeniua baba!"

Lilimtoka hivyo, kwa sauti kubwa, na hakuweza kulirudisha. Hasira ilimjaa kifuani: majuma aliyosukuma, vicheko vya watu, Oswaldi na kofia yake. Tabasamu la mzee likaondoka polepole. Ashatu akaona haya, akashusha pumzi.

"Sikiliza baba. Mtumbwi unauziba maji yasiingie. Tangi hili linataka upepo uingie juu, ndipo petroli ishuke chini. Hilo tundu ndiyo pua yake."

Mzee akafikiri. "Kama dafu," akasema. "Ukilitoboa kitundu kimoja maji yanagoma."

"Ndiyo, kama dafu."

"Lahaula. Kwa hiyo shetani wa pikipiki ni mimi."

Ashatu alichukua bisibisi, lakini mzee akanyoosha mkono. "Lete. Utaliharibu. Nimeziba mimi, nitazibua mimi."

Akavunja mwiba mrefu wa kichaka cha pembeni. Macho hayakuwa na msaada, kwa hiyo akayafumba kabisa, akafanya kazi kwa vidole. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kung'oa kalafati kwenye chombo kilichomo safarini. Alichokoa unyuzi baada ya unyuzi, akapuliza, akasikiliza, akachokoa tena, mpaka pumzi yake ikatokea upande wa pili. Akampa binti yake kifuniko. Ashatu akauchomeka mpira, akarudisha petroli yote ya kopo, maana ya kumwaga haikuwepo, akafunga, akapiga kiki. Ikawaka, na haikuzima mpaka Chalinze.

Bwana Wilbrodi alikuwa kivulini na makaratasi yake. Oswaldi alisimama nyuma yake, kofia kwapani.

"Naona imefika," Wilbrodi akasema. "Ugonjwa ulikuwa nini?"

Ashatu alikwisha andaa jibu njiani, la uchafu wa petroli. Mzee akamtangulia.

"Ugonjwa nilikuwa mimi, bwana. Niliziba tundu la kifuniko nikidhani linavuja."

Oswaldi akacheka mpaka akashika mbavu. Wilbrodi hakucheka.

"Mzee, hii mali ya serikali. Haiguswi ila na fundi. Bi Ashatu, umeacha watu wa nyumbani wachezee chombo cha kazi?" Akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Kicheko cha Oswaldi kikakatika, akasogea. Ashatu aliubana ufunguo kiganjani hadi ukamwumiza.

"Imeguswa na fundi," akasema.

"Fundi gani?"

"Huyu. Fundi Msabaha wa Mlingotini. Alipoziba, pamezibika, mimi na gereji nzima tumelitafuta tatizo tusilione. Na leo amezibua, nimefika. Kama yupo fundi mwingine aliyeifikisha pikipiki hii hapa, mtaje nimpe ufunguo."

Wilbrodi akamtuma Oswaldi aiwashe. Ashatu akauchomeka ufunguo mwenyewe, na ikawaka kwa kiki ya kwanza. Akaamuru iachwe ingurume, akaenda kuzikagua zote nyingine taratibu, aliporudi bado ilikuwa inanguruma. Akaandika kwenye karatasi, na ufunguo hakuudai tena.

"Fundi Msabaha," akasema, "tundu hilo lisizibwe tena."

"Halizibwi, bwana."

Mzee alijibu akiwa amesimama wima. Halafu akageuka upande, akajifuta uso kwa mkono wa kanzu, akasema moshi wa pikipiki hii ni mkali mno. Ashatu akaizima, akauchomoa ufunguo na kuutia mfukoni, akasimama ubavuni mwa baba yake, akamkinga watu wasimwone akilia.