Nyasi za Ngano ya Winifrida

Hasira ilimpanda Winifrida kabla hajafika shambani, maana kwa mbali tu aliuona udongo mwekundu uko uchi. Jana aliacha nyasi zimelala nene katikati ya mistari ya ngano. Leo zimekombwa zote.

Nyasi hizo alizikata mwenyewe mvua zikielekea kuisha, akazibeba kichwani kutoka bondeni, na wenzake wakamcheka. Nyasi hutandazwa migombani, walisema. Nani aliona ngano ikifunikwa blanketi? Aliwaacha waseme. Migomba yake ilibaki kwenye makazi ya zamani, walikoondolewa wakati wa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, lakini mikono haikusahau kazi yake. Alitia samadi ya mbuzi, akaongeza mbolea aliyopewa na bwana shamba pamoja na onyo: udongo ukikauka, mbolea hiyohiyo itaiunguza ngano. Sasa masuke ndiyo kwanza yanachungulia, na wanawe hawakuwa na chakula kingine cha kutegemea.

Hakuuliza nani. Wanaume walishaichoma milima, kama kila kiangazi, moto mtupu bila akili. Habari ilipokuja kwamba kuna mgeni wa serikali kutoka Kasulu mjini, anakuja kuona kilimo cha kisasa, hawakuwa na nyasi za kuezekea banda la kumpokelea. Zilibaki zake tu.

Akaenda moja kwa moja bandani, akamkuta Tharsisi, mwenyekiti wa kijiji na mdogo wa marehemu mumewe, ameketi na huyo mgeni, anamweleza faida za mbolea.

"Shemeji, nyasi zangu."

"Tulia, shemeji. Ni siku moja tu."

"Na jua umeliambia lisubiri siku moja?"

Tharsisi akamgeukia mgeni, akacheka kidogo, kama mtu anayemwombea radhi mtoto mtundu. Kicheko hicho kilimuuma Winifrida kuliko wizi wenyewe. Akapanda juu ya benchi, akashika ukingo wa paa, akavuta. Tita la kwanza likaangukia meza.

"Mbele ya mgeni, shemeji?" Tharsisi alinong'ona. "Unanivua nguo."

"Wewe umeivua ngano yangu. Leo tuote jua wote."

Hakuna aliyethubutu kumshika. Alibeba mzigo baada ya mzigo hadi shambani, akatandaza huku machozi ya hasira yakimtiririka. Alipochomeka kidole ardhini, juu palikuwa pakavu, chini bado pana ubaridi kidogo.

Kule bandani mgeni alikuwa akisogeza kiti kufuata kivuli kilichobaki, na Tharsisi bado anamweleza kilimo cha kisasa.