Meza Moja na Mkwe Wangu

Mkwe wangu Masalu ananiita mjinga karibu kila jioni, na mimi namjibu kwa kumchukulia pointi zake. Hajui kuwa ni mimi. Kwenye simu najiita Michembe, kwa sababu nilikuwa natafuna michembe, vile viazi vikavu, siku mwanangu Samwel aliponiuliza aandike jina gani.

Mambo yalianza hospitali ya Kolandoto, nilipolazwa kwa ajili ya mguu. Samwel aliona nitakufa kwa kutazama dari, akanifundisha poka ya kwenye simu. Shilingi haimo, pointi zikiisha, asubuhi unapewa nyingine bure. Kila mchezaji anapata karata mbili za siri, halafu zinafunuliwa tano za wote pale mezani, kidogo kidogo, na kila hatua mtu anaongeza dau, anatupa karata zake, au anafuata. Mimi nafuata. Nimekuja kuona karata, sasa nizitupe ili nione nini?

Samwel akaniingiza kwenye meza ya rafiki zake wa Geita, akarudi kazini bila kufikiri. Nilikuwa nimeshazoea ndipo nikaitazama vizuri picha ya yule anayejiita Baba Gregory. Gregory ni mjukuu wangu. Alikuwa amebebwa mabegani, na nyuma yake kulikuwa na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ile ya baba yake kule Buseresere. Nilikuwa nimekaa meza moja na mume wa binti yangu.

Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono, hawali wala hawanywi pamoja. Tangu Masalu amwoe Noela sijawahi kumtazama usoni. Akija hapa Ushirombo yeye anakaa sebuleni, mimi nakaa upande wa pili wa ukuta, na salamu zinapelekwa na mtu. Viatu vyake navijua kuliko sura yake. Ilinipasa niondoke kwenye ile meza siku ileile. Sikuondoka. Nilijiambia simu si chumba, na padri sikumwuliza kwa sababu angeweza kunijibu.

Na kusema kweli, nilianza kumpenda. Anacheza kwa akili. Karata mbovu anazitupa, anasubiri, na akipata nzuri anaongeza dau. Halafu mimi nafuata na takataka zangu, karata ya mwisho inafunuliwa, inaniokoa. Hapo ndipo anapoandika. "Michembe, ulifuata na nini?" Siku nyingine: "Mzee, rudi ukachunge ng'ombe." Nilikuwa nacheka mpaka mguu unauma.

Kicheko kiliisha Noela aliponipigia.

"Mama, Masalu amepasua simu ukutani. Ya pili hii. Kisa karata."

"Amekupiga?"

"Hajanigusa. Lakini Gregory siku hizi akimwona baba yake kashika simu anaingia uvunguni. Kuna mtu huko anaitwa Michembe, Masalu anasema huyo mtu atamwua." "Akitupa kitu tena, mama, nachukua mtoto nakuja nyumbani. Nimeshamwambia."

Aibu ilinishika, kisha hasira. Nilijikasirikia mwenyewe, ila Masalu nilimkasirikia zaidi. Mtu mzima na ndevu zake anamfukuza mtoto uvunguni kwa ajili ya pointi za bure. Nilifikiri kuacha mchezo. Lakini nikiondoka mimi atakaa mwingine anayefuata kila dau. Meza yote ni watu wa machimbo, na mchimbaji gani anakubali kuondoka kabla hajaona? Tatizo lilikuwa mkono wa Masalu. Nikasubiri anunue simu nyingine.

Aliporudi mezani nikamshinda tena, kwa mbili na saba, karata mbovu kuliko zote. Nikamwandikia kabla yeye hajaandika.

"Hiyo simu bado iko mkononi?"

"Nilikuwa mbele," akajibu. "Nilifanya kila kitu sawasawa. Wewe hukufanya chochote."

"Kweli. Ulicheza vizuri kuliko mimi."

Nadhani hakutegemea hilo. Nikaendelea.

"Wewe una karasha, picha inaonyesha. Mteja akileta mfuko wa mawe, akaona umetoka mtupu, anafanya nini?"

"Ananitukana. Anasema nimeiba dhahabu yake."

"Na wewe unamrushia nyundo?"

"Hapana. Namkalisha chini, nampa maji. Namwambia jiwe lilikuwa zuri, hata mimi nililiona, ila halikuwa na kitu ndani. Akishakunywa maji anapoa. Kesho analeta mfuko mwingine."

"Na kama jirani yake ameokota mawe ovyo, bila kuchagua, akapata?"

"Inatokea kila siku."

"Basi unaijua poka," nikamwandikia, nikazima simu. Nikajifunika kanga usoni, kama mtu aliyesema na mkwe wake ana kwa ana.

Mwezi ule tulikuwa na misa ya kumwombea marehemu mume wangu, wakaja wote watatu. Niliona viatu vya Masalu mlangoni. Niliona pia begi la Noela, kubwa mno kwa wageni wa kulala usiku mmoja. Nilipolifungua kutafuta kanga, nikakuta sare ya shule ya Gregory na madaftari yake. Noela alinikuta nimeishika ile sare.

"Siku hizi amenyamaza," alisema. "Sijui ni kupoa au ni kujaza hasira. Nimekuja nazo endapo atatupa kitu tena."

Mchana, baada ya watu kula na kutawanyika, Masalu alibaki sebuleni na Gregory. Mimi nilikuwa chumbani nimenyoosha mguu, tunatenganishwa na ukuta wa tofali moja usiofika juu. Simu yangu ikaonyesha Baba Gregory ameingia mezani. Busara ilikuwa kulala. Lakini nilitaka kujua kama amepoa kweli, kabla lile begi halijafunguliwa lote. Kama ana kitu cha kutupa, akitupe hapa, mimi nikiwepo.

Nilipewa tisa na nne, karata ambazo hata mimi nazionea haya. Masalu akaongeza dau. Nikafuata. Mezani ikatokea tisa. Akaweka pointi zake zote. Nikafuata. Kila ninapofuata, simu inatoa kengele ndogo, na mwanamke wa kizamani kama mimi hajui kuizima. Karata zikafunuliwa: yeye ana ree mbili, hakuna jozi kubwa kuliko hiyo. Nikasali ashinde. Namwambia Mungu ukweli, nilisali nishindwe. Karata ya mwisho ikaja nne. Jozi zangu mbili zikaimeza ya kwake, kengele ya ushindi ikalia, ndefu, chumba kizima.

Ng'ambo ya ukuta, kiti kililia kwa kusukumwa nyuma. Kupitia mlango wangu nilimwona Noela kwenye mlango wa jikoni, sahani mkononi, haisogezi. Nikasikia miguu midogo ya Gregory ikikimbia, halafu ikasimama. Mimi nilifumba macho nikingoja kishindo.

Hakikuja. Ulipita muda, kiti kikarudi mahali pake.

"Mama Gregory," Masalu aliita, taratibu, "naomba maji."

Nilimsikia Noela akishusha pumzi na kuchota mtungini. Akaenda. Masalu akasema neno ambalo sikulishika, kisha Noela akaingia chumbani kwangu na kikombe kingine, ananishangaa.

"Mama, unaumwa? Masalu kasema na wewe nikuletee maji. Kasema tena nikusalimie, shikamoo."

Kengele yangu ilikuwa imevuka ukuta. Nilikipokea kile kikombe kwa mikono miwili.

"Mwambie marahaba," nikasema. "Na hiyo sare ya mtoto irudishe ndani ya begi, isije ikasahaulika hapa."

Ng'ambo, nilimsikia akinywa. Nikanywa na mimi.