Kidole Gumba cha Mdakaji

Kwa miaka arobaini na moja nimekula heshima ya mji huu kwa kusimulia habari za mtu mmoja. Nilichimba makaa ya mawe pia, na kifua changu kinakohoa ushahidi kila asubuhi, lakini hapa Bessemer hakuna anayenisalimu kwa ajili ya makaa. Wananisalimu kwa sababu nilikuwa mdakaji wa Mtindi.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Orville Tarrant. Mtindi tulimwita kwa sababu kabla ya kila mchezo alivunjavunja mkate wa mahindi ndani ya kopo la mtindi, akala kwa kijiko, taratibu, mbele ya wapinzani waliokuwa wakipasha mwili. Wakati anamaliza wao walikuwa wameshachoka kumtazama. Kisha alipanda kwenye kituta cha mrushaji na kazi ikaanza. Alirusha mpira wa besiboli kwa namna ambayo wapigaji wengi waliusikia ukiingia kwenye glavu yangu kabla hawajainua rungu. Mimi niliyechuchumaa nyuma yao nilikuwa natia kipande cha nyama ya ng'ombe ndani ya glavu ili mkono usife ganzi, na mchezo ukiisha nyama hiyo ilikuwa imelainika, tayari kwa sufuria. Misimu sita nilifanya hivyo. Weusi wa Alabama nzima walijua habari zake, na wazungu walianza kuzisikia.

Kinyozi wetu, Hosea Grubbs, ndiye aliyekuwa akiniita nisimulie. Akipata mteja mgeni tu, kiti kinazungushwa kunielekea.

"Mzee Lucius, huyu ametoka Detroit, hajasikia ile ya Meridian."

"Nimeisimulia juzi."

"Isimulie tu. Ila safari hii punguza mwendo wa mpira. Juzi ulikuwa unaipita treni."

Basi naanza. Kulikuwa na mpigaji wa timu ya Meridian, Mississippi, jina lake Thaddeus Coley, mdomo mrefu, anayependa kusimama karibu mno na kibao, kile cha chini ambacho mrushaji hulenga mpira upite juu yake. Mtindi akamwonya kwa macho. Coley akakataa kurudi nyuma. Mtindi akamrushia mpira kichwani, na Coley hakucheza tena maisha yake yote. Hapo namalizia, "Kwa Mtindi mtu hasogei karibu, labda awe amechoka kuishi." Duka zima linacheka, na mimi nacheka nao. Hilo nataka lijulikane mapema, kwamba nilicheka nao.

Jumanne moja mwaka huu, Verlene, binti yake Mtindi, alikuja kukaa nami barazani. Ni mwalimu, ana miaka arobaini na mitano, na tangu utoto ananiita mjomba ingawa hatuna damu moja. Baba yake alizikwa mwaka sitini na tatu bila jiwe. Sasa kanisa na wapenzi wa besiboli ya zamani wamechanga, jiwe limenunuliwa, na mchongaji anataka maneno kufikia Ijumaa. Verlene alinipa karatasi ya kamati. Chini ya jina la baba yake waliandika: HAKUNA ALIYEMSOGELEA.

"Mjomba, haya maneno ni yako?"

"Ni ya kamati."

"Kamati wameyatoa kwa Grubbs, na Grubbs ameyatoa kwako." Alisema bila kupandisha sauti, ndivyo walivyo walimu. "Nilikuwa na miaka minne baba alipoacha kucheza. Wengine waliniambia mkono wake ulikufa. Wengine waliniambia pombe. Halafu naambiwa alimvunja mtu kichwa kwa makusudi, na anayeniambia anacheka. Sasa nataka kujua kwako wewe uliyekuwepo. Kama ndivyo alivyokuwa, Ijumaa natia saini, jiwe litawekwa, na mimi makaburini sitakanyaga tena."

Ningeweza kusema ndiyo. Angeinuka, angekwenda zake, na mimi ningeendelea na kiti changu kwa Grubbs mpaka siku ya kuzikwa. Sitajifanya kwamba sikulifikiria. Nililifikiria sana, nikaomba maji, nikayanywa yote ili nipate muda zaidi. Lakini mtoto yule ana macho ya baba yake, na alikuwa ananitazama kama Mtindi alivyokuwa akinitazama kutoka kwenye kituta, akisubiri nimwambie arushe nini.

Kwa sababu ndivyo mchezo wetu ulivyo. Mrushaji ndiye anayepigiwa makofi, lakini mdakaji ndiye anayeona uwanja mzima, na yeye ndiye anayeamua. Anaamua kwa vidole, katikati ya mapaja, mpigaji asione. Kidole kimoja, mpira wa kasi. Viwili, mpira unaopinda. Kidole gumba kikimwelekea mpigaji maana yake mrushie mwilini, mtishe, arudi nyuma. Mrushaji asipokubali anatikisa kichwa. Na timu yetu ilikuwa na sheria yake ambayo Mtindi mwenyewe aliiweka, kwamba mrushaji anakataa mara mbili tu. Mara ya tatu ni amri, maana mdakaji akiomba jambo mara tatu basi ameona kitu ambacho mrushaji hakukiona.

Nilimweleza Verlene hayo yote, kisha nikamwambia habari ya Agosti ya mwaka arobaini na nane.

Siku hiyo wazungu wawili wenye madaftari walikaa nyuma yangu. Mwaka uliotangulia ligi yao ilikuwa imemfungulia mlango mtu mweusi wa kwanza, nao walikuwa wametumwa na timu kubwa ya kaskazini kumtazama Mtindi. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Mimi nilikuwa na thelathini na moja, magoti yameanza kulia, na nilijua hakuna daftari lenye nafasi ya jina langu. Nilikuwa na wivu. Nilimpenda mtu yule na nilikuwa na wivu naye, vyote viwili, tangu asubuhi nilipomwona anavunjavunja mkate wake.

Coley alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Hakusimama karibu na kibao kuliko wenzake, hilo nililiongeza mimi baadaye. Alikuwa mpigaji mzuri tu, na siku ile alikuwa ameupiga mpira wa Mtindi mara mbili. Alipokuja mara ya tatu akaanza kunitania. Mpigaji na mdakaji kutaniana ni kawaida, mko karibu mno kunyamaza. Lakini alichosema kiligusa pale pale palipokuwa panauma. Maneno yenyewe sikumwambia Verlene. Nilimwambia tu kwamba alinikera.

Nikatoa kidole gumba. Mtindi akatikisa kichwa. Nikatoa tena. Akatikisa tena, kisha akavua kofia, akajifuta jasho polepole kuliko ilivyohitajika. Alikuwa ananipa nafasi nibadili mawazo. Nikatoa mara ya tatu.

Aliamini nimeona kitu. Nami sikuwa nimeona kitu chochote. Akarusha kama nilivyomwagiza, na mpira ule ungepita kifuani tu kama Coley angekuwa anautazama. Lakini Coley alikuwa amegeuka na kuinama kuniongezea utani, anatabasamu. Enzi hizo tulivaa kofia za kitambaa. Mpira ulimpata juu ya sikio.

Mtindi ndiye aliyemfikia kwanza. Alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari, na hakurudi kwenye kituta siku ile wala siku nyingine. Wazungu walifunga madaftari yao. Ndani ya basi la kurudi nyumbani alikuja kukaa kando yangu, shati lake likiwa bado lina damu.

"Uliona nini, Lucius?"

"Alikuwa anasogea," nikamjibu.

Akasema sawa. Akarudi kukaa kiti cha nyuma. Miaka kumi na tano iliyofuata tuliishi mitaa miwili kutoka nyumba yake hadi yangu, tukasali kanisa moja, na hakuniuliza tena.

Nilipomaliza Verlene alikuwa ameikunja karatasi ya kamati mpaka imekuwa ndogo kama kidonge.

"Alikataa mara mbili," akasema.

"Mara mbili."

"Na wewe ulikuwa na miaka kumi na tano ya kumwambia."

Nilisema nasikitika, na neno hilo lilipotoka likaniaibisha mwenyewe.

Ndipo akanieleza jambo ambalo sikulijua. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi baba yake aliwasha gari alfajiri akaondoka, akarudi jioni bila maelezo. Mama yake aliamini ana mwanamke, na kwa ajili hiyo walilala vyumba viwili hadi alipokufa. Wiki ya mazishi ikaja barua kutoka Meridian, imeandikwa na Odessa, dada yake Thaddeus Coley. Mtindi alikuwa akienda kumnyoa ndevu mgonjwa, kumkata kucha, kumtembeza hadi uani na kumrudisha. Miaka kumi na tatu, mpaka Coley alipofariki. Walipomuuliza ilikuwaje alikuwa akijibu jambo moja tu, kwamba mkono uliorusha ulikuwa wake.

"Hakukutaja," Verlene akasema. "Hata kwa watu wale hakukutaja." Akasimama. "Maneno ya jiwe nitayaandika mimi. Odessa Coley yuko hai, nimemwalika, anakuja Jumapili. Haya uliyoniambia utamwambia yeye, mbele ya watu wale wale uliowachekesha."

Nilimwomba niongee naye faragha. Akatikisa kichwa. Nilimwomba tena, akatikisa tena, na sikuthubutu kuomba mara ya tatu.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda makaburini. Jiwe lilikuwa na jina lake, miaka yake, na chini yake, MRUSHAJI. BABA. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, kisha Verlene akasema Mzee Lucius Pettway ana neno. Grubbs alikuwa mbele na wateja wake, nyuso zimeshaanza kuchangamka kwa kungojea ile ya Meridian.

Nilisimulia yote. Kidole, mara tatu, wivu, uongo ndani ya basi, na uongo wa miaka arobaini na moja dukani. Sisi ni watu wa kuitikia kanisani. Mtu akiungama, hata awe mwizi wa kuku, atasikia amina kutoka nyuma. Mimi sikuisikia. Grubbs aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake.

Odessa Coley akainuka kwenye kiti alichopewa. Mama wa miaka sitini na mitano, kofia nyeupe ya Jumapili, mkongojo. Alinijia hadi karibu, nikaona heri anipige. Nilitamani anipige.

"Baada ya siku ile Thaddeus hakusema tena sentensi iliyokamilika," akasema. "Maneno yalikuwa yanatoka vipande vipande. Mama alikaa na kalamu kando ya kitanda mpaka akafa, akingojea aandike japo moja la maana. Kumbe aliyezungumza na mwanawe mara ya mwisho ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Ulisema alikutania. Alikwambia nini?"

Sikuwahi kuyasema kwa mtu yeyote, wala kwa marehemu mke wangu. Niliwatazama watu wa Bessemer wote waliokuwa wakiniamkia mdakaji, mdakaji, kila asubuhi.

"Alisema, 'Babu, chuchumaa vizuri, unawaziba wazungu. Wamekuja kutoka mbali, na hakuna hata mmoja aliyekuja kukuona wewe.'"

Mama yule aliziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko kifupi kilichomponyoka.

"Ndiye yeye," akasema. "Ndiye yeye kabisa. Mama alimchapa kwa ajili ya mdomo huo mpaka akachoka." Kisha machozi yakamshuka, akanishika mkono wa koti, akaushika kwa nguvu. "Sema tena. Taratibu."

Nikasema tena, taratibu, neno kwa neno, jinsi alivyoyasema yeye. Alifumba macho, na midomo yake ikawa inayafuata maneno nyuma yangu, moja baada ya jingine, ili asiyasahau.